Mume wangu anataka mtoto aitwe Jihadi, baba amesema hatakanyaga kwetu

Bibi Mshauri, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na mimba ya miezi minane. Naishi Mlandege, hapa Iringa mjini. Mimi nauza nyanya, nazifuata Ilula alfajiri, na mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Tuna binti wa miaka mitatu.

Nimezaliwa Kilolo kwenye nyumba ya Kilutheri. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Nilisilimu kabla ya ndoa kwa hiari yangu, hakuna aliyenilazimisha, lakini baba alikaa miezi saba bila kusema na mimi. Alikuja mwenyewe siku mjukuu alipozaliwa, na debe la njegere na jogoo, akakaa kwenye mkeka akampakata mtoto hadi jioni. Mpaka leo ananiita kwa jina langu la ubatizo, nami naitika. Tumeishi hivyo vizuri.

Mwezi wa sita wa mimba nilipimwa, nikaambiwa ni wa kiume. Tukiwa tunatoka getini mume wangu akasema, "Huyu ataitwa Jihadi." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Bibi, hapa nakwambia jambo ambalo kwetu halijulikani. Kabla hajanijua, mume wangu alikuwa mlevi. Alianza na ulanzi, pombe ya mianzi, kama vijana wengi wa huku, akaishia kwenye pombe kali, hadi akauza mashine ya tajiri wake aliyemfundisha kazi. Aliacha miaka minane iliyopita, mwezi wa Ramadhani. Mzee mmoja msikitini alimshika mkono akamwambia, "Hii ndiyo jihadi yako, usiikimbie." Hajarudia. Masika ulanzi unapofurika mjini huwa anazunguka njia ya mbali ili asipite vilabuni, na kuna usiku huwa anaamka anatetemeka, anatawadha, anakaa tu juu ya mswala. Ndiyo maana anataka jina hilo. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote.

Mimi nikakosea. Nilimtajia mama jina kwa simu, mama akamwambia kaka, kaka akaandika kwenye kundi letu la familia, "Mnatuzalia gaidi?" Wifi yangu naye yumo humo, akajibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Jumapili baada ya ibada baba akapiga simu. Alisema taratibu tu, "Mjukuu wangu hawezi kuitwa kwa jina la mabomu. Mkimwita hivyo, kwenu sitafika tena." Akakata.

Na mimi mwenyewe, Bibi, nisikufiche, naogopa. Nawaza mwalimu anapoita mahudhurio darasani. Nawaza anapoomba pasipoti, anapotafuta kazi. Hata pale kliniki nilipotaja jina, muuguzi alinitazama akasema, "Badilisheni mapema." Halafu naona aibu kwa kuogopa. Wifi anasema neno lililomo ndani ya Kurani haliwezi kuonewa haya, na kwamba bado nina ukafiri moyoni. Mama aliponiuliza, "Kwani jihadi maana yake nini?" nilijibu, "Ni kupigania dini," nikaishia hapo. Nimesilimu miaka minne na sijui.

Mume wangu nilipomwambia tufikirie jina lingine alisema, "Hata wewe?" Tangu siku hiyo analala kaelekea ukutani. Anataka akika, lile chinjo la mtoto mchanga, ifanyike siku ya saba na ukoo wote wa pande mbili uwepo. Nifanyeje? Nivunje siri ili baba aelewe? Nimnyamazie mume wangu? Au nitafute jina lingine na kumuumiza?

Ni mimi mwenye mawazo, Mlandege.

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mimba kubwa na baridi ya Iringa, na pole zaidi kwa kulala na mtu aliyekupa mgongo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona ugomvi wa jina. Mara ya tatu niliona watu watatu wanaopendana, kila mmoja ameshika kipande cha habari ambacho mwenzake hana: mumeo anajua kwa nini, baba yako anajua anachokiogopa, na wewe peke yako, katikati, ndiye unayejua vyote viwili na huwezi kusema.

Nianze na swali la mama yako, maana naona lilikuuma kuliko lilivyostahili. Hukusilimu kwa mtihani, na kutojua neno si ukafiri. Aliyekwambia hivyo ameyatoa mdomoni maneno mazito sana.

Jihadi ni neno la Kiarabu kutoka mzizi ule ule uliotupa maneno mawili unayoyatumia kila siku: juhudi na jitihada. Baba yako, kama ni wa umri ninaoukisia, alikuwa mvulana Azimio la Siasa ni Kilimo lilipotolewa hapo hapo Iringa mwaka 1972, na kizazi chake kilihimizwa juhudi na maarifa shambani mpaka wakaota. Kila ripoti ya shule imeandikwa "aongeze juhudi". Kwa asili yake, jihadi ni huko kujikaza: mtu kutoa nguvu zake zote katika jambo linalompendeza Mungu, na hasa linapokuwa zito.

Ndani ya Kurani neno hili lina upana. Katika sura ya Furkani, aya ya 52, Mtume anaamrishwa apambane na wanaomkataa kwa hiyo Kurani yenyewe, "jihadi kubwa". Sura hiyo iliteremka Makka, wakati Waislamu hawakuwa na jeshi wala ruhusa ya kupigana. Silaha yao ilikuwa maneno na subira. Ruhusa ya kupigana ilikuja baadaye, kwa watu waliokuwa wamedhulumiwa na kutolewa majumbani mwao. Aya zake zimo katika sura ya Haji, ya 39 na ya 40, na hiyo ya 40 inayataja makanisa na nyumba nyingine za ibada pamoja na misikiti kuwa ni mahali ambapo jina la Mungu hutajwa sana, pangevunjwa kama dhuluma isingezuiwa. Mzee wa kanisa anaweza kupenda kuijua aya hiyo.

Sitakudanganya kwamba jihadi haihusu vita kabisa. Wapo wanaosema hivyo kwa nia njema na mimi siwafuati, kwa sababu baba yako akija kugundua kwamba ulimpunguzia, hatakuamini tena. Kupigana kwa silaha kuna neno lake, kitali, na ni sehemu ya jihadi. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, wameiandikia milango mizima katika vitabu vyao. Lakini milango hiyo ina vizuizi vingi. Sura ya Bakara, aya ya 190, inasema piganeni na wanaowapiga, wala msivuke mpaka. Abubakari, halifa wa kwanza, alipotuma jeshi kwenda Shamu, pande za Siria, aliliusia lisiue mwanamke, mtoto wala kikongwe, lisikate miti ya matunda. Usia huo umo katika Muwatta ya Imamu Malik. Na vita havitangazwi na kijana mmoja mwenye hasira na simu mkononi.

Sasa tuje kwa mumeo. Katika mkusanyo wa Tirmidhi kuna hadithi iliyopokewa na Fadhala bin Ubaidi: Mtume amesema mujahidi ni yule anayepambana na nafsi yake. Huenda yule mzee wa msikitini alikuwa nayo moyoni alipomshika mkono. Iko nyingine maarufu zaidi, ya kurudi kutoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa, ila wanazuoni wa hadithi wameitia dosari sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kwa hiyo nakupa hii ya Fadhala ambayo unaweza kuitegemea. Mwanamume anayezunguka njia ya mbali kila masika, miaka minane, ili asipite mlango wa kilabu! Anayeamka usiku mwili unatetemeka na kwenda kutawadha! Nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini kwanza. Mumeo hakuokota jina hilo kwenye taarifa ya habari. Analijua kwa mwili wake.

Ndiyo maana ule mgongo wake usiuchukulie kwamba ni ukaidi mtupu. Unaponiambia alisema "Hata wewe?", nahisi alichosikia ni kwamba mtu pekee anayejua vita vyake naye ameviita mabomu. Hukusema hivyo, najua. Lakini je, umewahi kumwambia kwamba unaliheshimu jina na unauogopa ulimwengu? Ni mambo mawili tofauti, na kwenye barua yako sioni kama umeyatenganisha mbele yake. Pengine bado hujayatenganisha hata moyoni mwako.

Na baba yako. Umenieleza kana kwamba tatizo lake ni kutojua maana. Mimi sina hakika. Tarehe 7 Agosti 1998 alikuwa mtu mzima na redio yake. Siku hiyo mabomu kwenye balozi za Marekani yaliua watu 11 Dar es Salaam, na Nairobi zaidi ya 200. Tangu mwaka 2017 amekuwa akisikia habari za Cabo Delgado huko Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, vijiji vinachomwa na wauaji wanajipachika neno hili hili. Wamelinajisi, na walioumizwa na unajisi huo ni pamoja na Waislamu wengi mno. Hofu ya mzee haikutoka hewani, na ukienda kwake na somo la lugha tu atasikiliza kwa adabu, kisha atabaki alipo.

Kuna jambo jingine nalifikiria, nawe utalipima kwa kuwa unamjua. Baba yako alimpoteza binti mwenye jina alilompa yeye. Anakuita kwa jina lile mpaka leo nawe, kwa moyo wako mwema, unaitika. Pengine anaposikia jina la mjukuu, kidonda kinachovuja ni kile cha zamani. Miezi saba ya kimya, kisha debe la njegere na jogoo: mlizungumza lini kuhusu ile miezi saba? Nadhani hamkuzungumza. Mlimpakata mtoto, mkaendelea.

Hapa nataka nikuoneshe aya ambayo huwa inanigusa. Katika sura ya Lukmani, aya ya 15, Mungu anazungumzia wazazi wanaomshinikiza mtoto wao aache imani yake. Kitenzi kinachotumika kwa hao wazazi, jahadaka, kinatoka kwenye mzizi huo huo wa jihadi: wakikushikilia kwa juhudi zao zote. Mtoto anaambiwa asiwatii katika hilo, halafu anaambiwa akae nao duniani kwa wema. Na mtu aliyemjia Mtume akiomba kwenda jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, akaambiwa, basi fanya jihadi yako kwa hao. Imo katika mikusanyo ya hadithi ya Bukhari na Muslim. Kwa hiyo ukiniuliza jihadi ni nini kwako wewe, katika mwezi huu wa nane wa mimba, nitakuonesha barabara ya kwenda Kilolo.

Tuitazame siri. Unauliza kama uivunje. Naielewa tamaa hiyo, kwa kuwa neno moja lingebadilisha uso wa baba yako. Lakini siri si yako. Dini inamtaka mtu aliyetubu ajisitiri, asitangaze alichositiriwa na Mungu, na mumeo ana haki hiyo yote. Uliapa. Ukiivunja hata kwa nia safi, baba anaweza kuelewa na wakati huo huo kaka akapata la kuandika kwenye kundi. Tena tajiri aliyeuziwa mashine huenda bado yuko mjini. Anayeweza kuifungua ni mumeo mwenyewe, kwa kiasi anachotaka, kwa mtu anayemchagua. Unaweza kumuuliza: angekuwa tayari kukaa na baba mkwe wake, wawili tu, amwambie hata nusu yake? "Mzee, kuna jambo nililishinda kwa msaada wa Mungu, ndipo nikalipenda neno hili." Haihitaji kutaja pombe. Hatari yake nayo ipo: mzee anaweza kuuliza ni jambo gani, au akasikia nusu na kukisia baya zaidi. Mumeo ndiye ajipime kama ana nguvu ya kubaki ametulia. Mtu aliyeacha pombe analinda utulivu wake kama macho, na wewe unajua ni siku zipi hana akiba.

Kuhusu jina lenyewe, Mtume alikuwa akiyapima majina. Aliyeitwa Asiya kwa maana ya muasi alimpa jina la Jamila. Imepokewa katika Musnadi ya Ahmad kwamba Ali alipopata mwana alitaka kumwita Harbu, yaani vita, Mtume akasema, huyo ni Hasani. Wifi yako na kaka yako wote wanaweza kuinyakua habari hiyo, ndiyo maana naitaja kwa tahadhari. Harbu ni vita tupu. Jihadi si hivyo, na jina hilo hupewa watoto. Lakini inaonesha kwamba kufikiria namna jina litakavyosikika masikioni mwa watu si udhaifu wa imani. Kwa hiyo aibu yako ya kuogopa itue. Mama kumuwazia mwanawe kwenye mahudhurio ya darasa ni umama.

Mkibaki nalo, mtakuwa mmempa mtoto neno zuri, pamoja na kazi ya kulieleza maisha yake yote, na hamjui kama atakuwa na moyo wa baba yake. Watoto wengine hubeba jina la namna hiyo kwa fahari, wengine wakifika sekondari hujipachika jingine. Jiulizeni pia, na hili nalisema kwa upole kwa mumeo kama atasoma: je, mtoto ni mahali pa kuweka ushindi wa baba? Siku akikosea, siku yeye mwenyewe akionja ulanzi, jina hilo litamwambia nini?

Mkitafuta jingine, yapo yanayobeba maana ile ile. Mujahidi ni jina la mwanazuoni mkubwa wa Makka, Mujahidi bin Jabri, mwanafunzi wa Ibn Abbasi katika tafsiri ya Kurani, ingawa sidhani masikio ya Kilolo yatalitofautisha. Thabiti, jina la sahaba, ni la mtu asiyeyumba. Hata Juhudi lenyewe, Kiswahili chetu cha kila siku. Wengine humwandikisha mtoto jina moja na kumwita jingine nyumbani, baba pekee akimwita Jihadi mlangoni anaporudi kazini. Ila mumeo anaweza kuona vita vyake vimefichwa uvunguni, na hilo ni jeraha. Usimpelekee jina umeshalichagua na mama yako. Kama litabadilika, na litoke mdomoni mwake.

Kuhusu siku, msijibane. Siku ya saba ndiyo sunna inayojulikana zaidi kwa akika, na kumpa jina siku ile ile anayozaliwa kumethibiti pia. Mtume alimwita mwanawe Ibrahimu usiku uleule. Hakuna lazima ya kulitangaza jina mbele ya ukoo mzima uliokwisha kurushiana maneno. Mnaweza kuchinja, mkala, mkaomba dua. Ila kwenye karatasi msiwe na haraka: jina mtakaloandikisha ndilo litakalokaa kwenye cheti cha kuzaliwa na kumfuata shuleni na kwenye kitambulisho, na kulibadilisha baadaye ni usumbufu na gharama.

Kundi la familia liache lilivyo kwa sasa. Hakuna lililowahi kutengenezwa humo. Wifi yako ana mapenzi na kaka yake. Nadhani hajui ni kwa nini jina hilo ni zito kwake, na kama anajua, basi ukali wake una maelezo. Vyovyote iwavyo, si wewe wa kumjibu.

Kabla hujawa mzito kupita kiasi, kama mumeo ataridhia, nenda Kilolo siku moja na binti yako. Usiende na hoja. Kaa jikoni na mama, kisha kaa na baba pale anapopenda kukaa, na akikuita kwa lile jina lake, itika kama kawaida. Ukiweza, muulize kwa nini alilichagua. Sijui atajibu nini. Na usiku mmoja hapo nyumbani, hata kama mtu kaelekea ukutani, mwambie ukutani huko huko kwamba unajua anazunguka njia gani kila masika, na kwamba hujawahi kuiita njia hiyo kwa jina baya.

Ukijifungua salama, inshallah, niandikie walau mstari mmoja. Jina si lazima uniambie.

Bibi yako, Mbeya.